Nini kinakula moto wa betri? Maswali yanayoulizwa mara kwa mara na wenye magari wa Mtwara na Lindi

Majibu haya yamepangwa kuanzia mambo ya msingi hadi yale ya nadra. Namba zote ni za gari la volti 12, betri ya maji ya kawaida (NS40, NS60, N50, N70 na kadhalika), isipokuwa pale tuliposema vinginevyo.

## Kabla ya kununua chochote

1. Gari haliwaki asubuhi. Ni betri, ni altaneta (mashine inayochaji betri injini ikiwaka), au kuna kitu kinakula moto (umeme wa betri) usiku?

Ni matatizo matatu tofauti, ila asubuhi yote yana sura moja: stata (mota inayozungusha injini ili iwake) inagonga tik-tik au inazunguka kwa uvivu. Ndiyo maana mtu hununua betri mpya, ikakaa wiki mbili, akarudi palepale. Betri mpya huficha kosa kwa muda tu, kwa sababu ina akiba kubwa kuliko ile ya zamani.

Mpangilio ni huu na usiruke hatua: kwanza hakikisha betri yenyewe ni nzima (maswali ya 3 hadi 5), pili hakikisha gari linachaji (swali la 6), na mwisho ndiyo utafute kinachokula moto (kuanzia swali la 8). Ukianza kuchomoa fyuzi huku betri imeshakufa, utamaliza siku nzima ukimtafuta mwizi ambaye hayupo.

2. Sina mita (kipimo cha volti na ampea). Naweza kujua lolote?

Ndiyo, na kipimo hiki hakigharimu kitu. Jaza betri kwanza, ikiwezekana kwa chaja usiku kucha. Safari ndefu kama ya Mtwara hadi Lindi inasaidia, ila betri iliyolala kabisa, yaani iliyoishiwa moto, haijai kwa safari moja. Jioni, gari likiwa limezimwa, legeza teminali ya hasi (kibano cha waya kinachokaa kwenye kichwa cha betri) kwa spana namba 10, iweke pembeni isiguse kichwa cha betri, ulale. Asubuhi irudishe na uwashe.

Likiwaka vizuri, na huwa haliwaki ukiacha teminali imefungwa, basi kuna kitu ndani ya gari kinakula moto. Lisipowaka hata baada ya betri kukaa usiku kucha ikiwa peke yake, ugonjwa huenda uko kwenye betri, au kwenye nyaya na stata (swali la 4). Jambo moja la kuangalia: baadhi ya redio huomba namba ya siri baada ya kukatiwa umeme, vioo vya umeme hupoteza mpangilio wake, na alamu inaweza kupiga kelele utakaporudisha waya. Uwe na rimoti mkononi.

Unaweza pia kutumia balbu ya wati 5 yenye nyaya mbili. Chomoa teminali ya hasi, kisha weka balbu katikati ya teminali na kichwa cha betri. Ikiwaka kwa nguvu, kuna ulaji mkubwa. Isipowaka usishangilie bado, kwa sababu balbu haioni ulaji mdogo unaoua betri ndani ya siku nne au tano.

## Betri yenyewe na kuchaji

3. Mita inasoma volti ngapi betri ikiwa imejaa?

Betri iliyotulia kwa saa kadhaa, bora usiku mzima, husoma 12.6 hadi 12.7. Kwenye 12.4 imebaki robo tatu, 12.2 ni nusu, 12.0 ni robo, na chini ya 11.9 hesabu kwamba imekwisha. Tofauti kati ya betri iliyojaa na iliyo nusu ni chini ya nusu volti, kwa hiyo usisome "kumi na mbili na kitu" ukaridhika. Hicho kitu ndicho habari yenyewe.

Ukipima gari likiwa limetoka barabarani, utapata namba ya uongo, pengine 12.9 au zaidi, kwa sababu juu ya bamba za betri kuna moto wa juujuu. Washa taa kubwa kwa dakika mbili, zima, subiri dakika chache, ndipo upime.

4. Inasoma 12.6 lakini stata haizungushi. Kwa nini?

Volti za kutulia hazionyeshi nguvu. Weka mita kwenye vichwa viwili vya betri, mwenzako apige stata, uangalie namba inashuka hadi wapi. Betri nzima iliyojaa haishuki chini ya 9.6. Ikishuka hadi 8 au 7, betri imechoka, hata kama ilipumzika kwenye 12.6.

Kama volti zinabaki juu, tuseme 11.5, na stata bado inagonga tu, usiilaumu betri: umeme haufiki, au stata yenyewe ni mbovu. Hapa ndipo pwani yetu inapowaonea watu. Pima nyaya hivi: ncha moja ya mita kwenye kichwa cha hasi cha betri (kichwa chenyewe, si teminali), ncha nyingine kwenye chuma tupu cha injini, kisha mtu apige stata. Ikizidi 0.5, waya wa athi (waya wa hasi unaofungwa kwenye injini na bodi) au mahali ulipofungwa pana kutu. Rudia upande wa chanya, kutoka kichwa cha betri hadi boliti nene ya stata. Kwa magari yanayolala Shangani, Mikindani au Kilwa Masoko, waya wa athi uliofungwa kwenye bodi ni wa kuangaliwa mapema. Kwa nje unaonekana mzima, ukiufungua chini ya boliti unakuta unga wa kijani.

5. Nipime maji ya betri vipi, na niongeze nini?

Kama betri ina vifuniko vya kufungua, haidromita (kipimo cha uzito wa maji ya betri) inasema kweli kuliko mita. Betri iliyojaa husoma karibu 1.265, iliyo nusu karibu 1.190. Pima vyumba vyote sita. Kimoja kikiwa chini ya wenzake kwa 0.050 au zaidi hata baada ya kuchaji, chumba hicho kimekufa na hakuna dawa.

Kinachoongezwa ni maji safi ya betri peke yake. Si asidi, kwa sababu asidi haikauki, kinachokauka ni maji. Si ya bomba wala ya kisima, hasa visima vya pwani vyenye chumvi. Bamba zikiwa wazi, zifunike kwanza kisha uchaji. Zikiwa zimefunikwa, chaji kwanza, ndipo ujaze hadi alama ya juu, maana maji hupanda wakati wa kuchaji.

Kwa joto la huku, betri kufa baada ya miaka 2 au 3 si ajabu. Joto huila betri kuliko baridi. Baridi huonyesha tu kwamba ilikuwa imeshaliwa.

6. Nitajuaje kama altaneta inachaji?

Washa injini, ipandishe kidogo, mita kwenye vichwa vya betri. Magari mengi yatasoma kati ya 13.8 na 14.5. Sasa washa taa kubwa, feni na AC kwa pamoja: isishuke chini ya 13.3 hivi. Ikibaki 12.4 na inazidi kushuka, haichaji. Angalia mkanda wa altaneta kwanza (unalegea? unapiga mluzi asubuhi?), kisha fyuzi kubwa ya ALT, kisha soketi ya nyuma ya altaneta, ndipo useme altaneta ni mbovu. Ikizidi 15, inachaji kupita kiasi na itachemsha maji ya betri.

Baadhi ya magari ya karibuni hupunguza chaji kwa makusudi betri ikijaa, ukaona 12.8 kwa muda. Washa taa kubwa na utazame kama inapanda.

Na kuna gari ambalo halina ubovu wowote ila halitembei. Mtu anayetoka Ligula kwenda sokoni na kurudi, dakika saba kwenda dakika saba kurudi, AC na redio zikiwa wazi, harudishi kwenye betri alichotumia kuwashia. Huyo anahitaji safari ndefu kila wiki au chaja, si fundi.

7. Fundi alichomoa teminali injini ikiwa inaunguruma ili kupima altaneta. Ni sawa?

Si sawa, na kwa gari lenye kompyuta ni hatari. Betri hutuliza umeme wa altaneta. Ukiiondoa ghafla, volti zinaweza kuruka juu sana kwa muda mfupi na kuunguza kompyuta ya injini, redio, au rekitifaya ya altaneta yenyewe (sehemu yenye dayodi zinazofanya umeme uende upande mmoja). Kipimo hicho kilitoka enzi za magari yasiyo na vitu hivyo. Mita ya bei ndogo inafanya kazi hiyo kwa usalama (swali la 6). Fundi akiinyoosha spana kuelekea kwenye teminali huku gari linawaka, mwombe asubiri.

## Kupima kinachokula moto

8. Gari lililozimwa linaruhusiwa kula kiasi gani?

Saa, kumbukumbu ya redio, kompyuta na alamu vinakula kidogo muda wote. Magari mengi huwa kati ya miliampea 20 na 50, yaani 0.02 hadi 0.05 ya ampea. Ikizidi 0.05, anza kuuliza maswali. Ikifika 0.1 na zaidi, kuna kosa.

Hesabu ni rahisi. Chukua betri ya saa-ampea 45 (ampea zikizidishwa kwa saa). Ikishapoteza nusu, yaani kama 22, usitegemee iwashe gari. Kwa ulaji wa 0.05 itachukua zaidi ya wiki mbili. Kwa 0.3, siku tatu. Kwa 1, hata siku nzima haifiki. Kwa hiyo muda gari linaochukua kulala unakuambia unatafuta kitu cha ukubwa gani. Gari linalolala kila baada ya usiku mmoja lina taa au rilei (swichi inayowashwa kwa umeme) iliyobaki imewashwa. Linalolala baada ya siku tano lina kitu kidogo kama alamu au redio.

9. Nipime vipi kwa mita, hatua kwa hatua?

Hiki ndicho kipimo chenyewe, na makosa mengi hutokea hapa.

Andaa gari kwanza. Zima kila kitu, toa ufunguo, funga milango. Boneti itabaki wazi, na kama alamu ina swichi ya boneti, ibonyeze na uifunge kwa gundi ya karatasi. Kama fyuzi utakazozifikia ziko ndani, fungua mlango wa dereva kisha funga kwa bisibisi ile komeo ya mlango, ili gari liamini mlango umefungwa. Ukimaliza, vuta kitasa ili komeo ifunguke kabla ya kuusukuma mlango, la sivyo utaivunja. Gari la ufunguo wa kubonyeza: peleka ufunguo mbali, mita kumi au zaidi, maana ukiwa mfukoni mwako gari halilali, yaani kompyuta zake hazizimiki.

Andaa mita. Waya mweusi kwenye tundu la COM. Waya mwekundu uhamishe kwenye tundu la 10A, na kitasa ukiweke kwenye 10A ya DC. Ukianzia kwenye tundu la miliampea, fyuzi ndogo ya ndani ya mita itaungua mara moja, na utasoma sifuri ukadhani gari ni zima. Mita nyingi za bei nafuu hazina fyuzi kabisa kwenye tundu la 10A, kwa hiyo mita ikiwa imeunganishwa usipige stata, usifungue swichi ya ufunguo, usiwashe taa kubwa.

Sasa unganisha. Chukua waya mfupi wenye vibanio, ufunge kutoka kichwa cha hasi hadi kwenye waya wa athi wa gari. Ndipo uchomoe teminali ya hasi. Gari halijajua kama limechomolewa, kwa sababu umeme unapita kwenye waya wako. Unganisha mita: ncha moja kwenye kichwa cha hasi, nyingine kwenye teminali uliyochomoa, zote kwa vibanio, si kushika kwa mkono. Subiri dakika 30, kwa magari ya kisasa hadi 60. Kisha ondoa ule waya mfupi, umeme wote upite kwenye mita. Soma.

Kwenye 10A mita ya kawaida inaonyesha hadi sehemu ya mia: 0.03 ni miliampea 30. Hiyo inatosha kwa kazi hii. Alama ya kutoa mbele ya namba haina maana mbaya, umegeuza ncha tu.

10. Mita ilisoma 2.5, ikashuka 0.6, ikashuka 0.04. Namba gani ni ya kweli?

Ya mwisho. Gari likizimwa, kompyuta zake hulala moja baada ya nyingine. Anayepima dakika mbili baada ya kufunga mlango atamkamata asiye na hatia. Kwa sababu hiyo hiyo, usichomoe na kurudisha teminali hovyo: kila ukirudisha, kompyuta zinaamka na saa inaanza upya. Ndiyo kazi ya waya mfupi wa swali la 9.

Namba ikishuka kisha kila baada ya dakika chache ikapanda na kushuka tena, kuna kitu kinaamshwa. Mara nyingi ni kifuatiliaji cha GPS kikitafuta mtandao, au swichi ya mlango yenye kutu.

11. Nimepata 0.4. Nitajuaje ni fyuzi gani?

Njia ya zamani: mtu atazame mita, wewe uchomoe fyuzi moja moja. Ile ambayo ukiitoa namba inaanguka hadi 0.03, ndiyo njia yake. Anza na boksi la ndani, kisha la kwenye boneti. Chukua picha ya boksi kwa simu kabla ya kuanza. Ukishatoa fyuzi usiirudishe hadi umalize, kwa sababu ya yale ya swali la 10.

Njia tunayoipendelea haichomoi chochote. Juu ya kila fyuzi ya plastiki kuna vidoti viwili vya chuma. Weka mita kwenye milivolti 200 za DC, waya mwekundu ukiwa umerudi kwenye tundu la volti, gusa vidoti viwili. Fyuzi isiyopitisha umeme inasoma 0.0. Inayopitisha itasoma kitu, kwa sababu fyuzi yenyewe ina ukinzani mdogo. Takriban, kila milivolti 1 kwenye fyuzi ya 10A ni ampea 0.13, kwenye ya 15A ni 0.2, kwenye ya 20A ni 0.3. Kwa njia hii betri inabaki imefungwa na gari linabaki limelala, nawe unapita boksi zima kwa dakika tano. Tahadhari moja: usisahau waya mwekundu kwenye tundu la 10A ukagusa nao chanya na hasi za betri. Hapo ni shoti tupu.

12. Nimetoa fyuzi zote na mita bado inasoma 0.4. Sasa?

Basi ni kitu kisichopita kwenye fyuzi hizo. Anza na vilivyofungwa moja kwa moja kwenye betri na mafundi wa mtaani: alamu, GPS, amplifaya, taa za ziada, chaja ya simu. Fuata kila waya mwembamba unaotoka kwenye teminali ya chanya.

Vikiisha, ni altaneta. Ndani yake mna dayodi zinazoruhusu umeme uende upande mmoja tu. Moja ikifa, moto wa betri unarudi kupitia altaneta usiku kucha. Dalili moja ni altaneta kuwa na uvuguvugu asubuhi wakati injini ni baridi. Hakikisha hivi: chomoa betri, fungua waya mnene wa nyuma ya altaneta, uzungushie utepe wa umeme usiguse chuma, chomoa na soketi yake, kisha rudia kipimo cha swali la 9. Namba ikianguka, umempata. Mara nyingi hubadilishwa rekitifaya tu, si altaneta nzima.

Watu hupima dayodi pia kwa volti za AC (umeme wa kwenda na kurudi, si kiyoyozi) injini ikiwa inawaka, na kuzidi 0.5 huhesabiwa ubovu. Mita nzuri inafaa. Nyingi za bei nafuu hazifai, zinasoma volti za betri kama AC na kukupa ishirini na kitu, au sifuri ukigeuza ncha.

13. Ni fyuzi ya DOME. Ina maana taa ya ndani ndiyo mbovu?

Si lazima. Kwenye Toyota nyingi DOME hulisha taa ya ndani na vitu vingine visivyozimwa na ufunguo, na fyuzi ya ECU-B hali kadhalika. Fyuzi inakupa mtaa, bado hujafika nyumbani. Rudisha fyuzi, acha gari lilale, kisha chomoa soketi za vitu vya njia hiyo kimoja kimoja: redio, balbu ya buti, saa, alamu. Vilivyoongezwa baada ya gari kutoka kiwandani vianze.

## Wahusika wa kila siku

14. Ni vitu gani hasa hukutwa na kosa?

Vya kuongezwa ndivyo vingi kuliko vya kiwandani. Alamu ya bei rahisi iliyolowa. Redio (swali la 15). GPS ya mkopo au ya kampuni, ambayo hata ikiwa nzima huongeza ulaji. Usiikate bila kuzungumza na aliyeifunga, na kwenye mabasi yanayofuatiliwa na LATRA (mamlaka ya usafiri wa ardhini) usiiguse kabisa. Vingine ni taa ya buti isiyozimika na chaja ya simu iliyoachwa kwenye tundu lisilozimika.

Taa ya buti hukamatwa kwa simu: washa kurekodi video, iache ndani ya buti, funga, subiri, fungua, utazame. Kama video ni nyeusi, imezimika.

Na taa za breki zinastahili sentensi zake. Juu ya pedali pana kipande kidogo cha plastiki kinachobonyeza swichi ya breki. Kikizeeka kwa joto hupasuka na kuanguka, swichi inabaki imewasha, taa za breki zinawaka usiku kucha. Balbu mbili za wati 21 ni ampea 3.5, na betri haioni asubuhi. Tazama chini ya pedali: ukikuta vipande vya plastiki kama ganda lililovunjika juu ya kapeti, umeshamaliza uchunguzi. Boliti fupi yenye kichwa bapa na nati huziba tundu hilo hadi upate kipande chenyewe.

15. Nimefungiwa redio ya Android, tangu hapo betri inalala. Tatizo ni nini?

Redio ina waya wa njano wa umeme wa kudumu na mwekundu wa kuzimika na ufunguo. Fundi asipopata umeme wa ufunguo huunganisha zote mbili kwenye wa kudumu. Redio inazimika kioo tu, ndani iko macho. Pima waya mwekundu ufunguo ukiwa umetolewa: lazima usome 0. Amplifaya nayo huamshwa na waya mwembamba wa bluu, na ukifungwa kwenye umeme wa kudumu hailali.

16. Rilei inaweza kukwama?

Ndiyo. Asubuhi gari likiwa baridi, pitisha vidole juu ya rilei zote. Yenye uvuguvugu ina umeme. Badilishana na nyingine ya namba ileile na upime tena.

## Chumvi, mvua na msimu wa korosho

17. Ni kweli hewa ya bahari inakula betri hata ikiwa haijafungwa kwenye gari?

Vumbi, chumvi na mvuke wa asidi vikikaa juu ya betri hutengeneza njia nyembamba ya umeme kutoka kichwa kimoja hadi kingine. Pima: ncha nyeusi kwenye kichwa cha hasi, nyekundu uitembeze juu ya plastiki. Ukisoma zaidi ya nusu volti, betri inajila yenyewe.

Chomoa hasi kwanza, kisha chanya. Hakikisha vifuniko vimekaza. Osha kwa maji ya uvuguvugu yenye kijiko cha magadi ya kupikia, povu likiisha suuza, kausha, kwangua teminali hadi zing'ae, funga chanya kwanza, hasi mwisho, ndipo upake vaselini au grisi kwa nje. Ukipaka kabla ya kufunga, umeweka kizuizi mahali ulipotaka umeme upite. Gari linalovuka na pantoni ya Kitunda mara kwa mara lioshwe hivi kila miezi miwili au mitatu.

18. Tatizo huja msimu wa mvua tu. Nianzie wapi?

Anzia kwenye soketi za taa za nyuma, boksi la fyuzi la kwenye boneti, na king'ora cha alamu. Pima gari likiwa limelowa. Ukisubiri likauke utapata 0.03 na kuambiwa ni zima. Kama huwezi kusubiri mvua, mwagia maji kidogo sehemu moja moja huku ukitazama mita.

19. Lori langu linakaa foleni ghalani siku kadhaa msimu wa korosho, betri zinalala. Na kwa nini moja hufa mapema?

Redio, taa ya kabini na simu za watu watatu zinatosha kuelezea kulala. Kufa kwa moja kuna sababu yake: malori mengi ni ya volti 24, betri mbili za 12 zilizofuatana, na redio ya volti 12 imechukuliwa kutoka betri moja. Hiyo inashuka, mwenzake ananyanyuka, na altaneta inayoona jumla ya 24 inaichaji nzima kupita kiasi huku iliyochoka ikibaki na njaa. Pima kila moja peke yake. Tofauti ya 0.2 zikiwa zimetulia inatosha kukuonyesha. Dawa ni kibadilishi cha 24 kwenda 12, na kubadilisha betri zote mbili kwa pamoja.

20. Naweza kubusti IST yangu kutoka Fuso?

Lori la volti 24 haliibusti gari la volti 12. Utaunguza kompyuta. Tafuta gari dogo. Chanya kwa chanya, kisha hasi ya gari zima, na ncha ya mwisho kwenye chuma tupu cha injini ya gari lililolala, mbali na betri, kwa sababu betri inayochaji hutoa gesi inayoshika moto kwa cheche.

## Hali za pembeni

21. Nasafiri mwezi mzima. Niliacheje gari?

Jaza betri, chomoa hasi. Kama alamu lazima ibaki, paneli ndogo ya sola yenye kidhibiti chaji itaishikilia.

22. Naweza kutumia betri ya gari kwenye sola nyumbani, kisha niirudishe?

Inawezekana mara chache, lakini unaiua. Betri ya kuwashia imetengenezwa kutoa moto mwingi kwa sekunde chache. Ukiishusha kila usiku hadi 11.5 kwa taa na televisheni, bamba hujaa ukoko mgumu na haijai tena.

23. Gari langu ni haibridi (la mafuta na umeme). Vipimo ni hivi hivi?

Betri ndogo ya volti 12, ambayo kwa nyingi hukaa nyuma, inapimwa hivi hivi kwa volti za kutulia na kwa ulaji. Vipimo vya stata na altaneta havihusiki. Usiguse nyaya za rangi ya chungwa.

24. Pikipiki na bajaji?

Pikipiki isiyo na alamu inapaswa kula karibu na sifuri. Ukipata hata 0.02, chomoa soketi ya kidhibiti chaji uone kama inaanguka. Ndicho kinachovujisha mara nyingi.

25. Kila nikipima napata 0.03, lakini gari hulala mara moja kwa wiki. Nimkamateje?

Huo ni ulaji wa kuja na kuondoka: swichi ya mlango, rilei inayonata, kompyuta inayokataa kulala. Acha kupima dakika 30, pima usiku kucha. Njia ya bei nafuu ni simu ya zamani iliyowekwa kwenye chaja ya nyumbani, ikirekodi kioo cha mita hadi asubuhi, kisha unapitisha video haraka kutafuta namba iliyoruka. Waambie wa nyumbani wasifungue mlango wa gari.

Kama gari halikai nyumbani, pima volti jioni na alfajiri, uandike pamoja na jambo moja: lilifungwa kwa rimoti au kwa ufunguo, mlango gani ulifunguliwa mwisho, mvua ilinyesha au la. Betri iliyotulia ikishuka kutoka 12.6 hadi 12.2 kwa usiku mmoja imepoteza karibu nusu, na kwa betri ya 45 hiyo ni ampea 2 hivi kwa saa 10, ukubwa wa taa au feni. Mpelekee fundi umeme karatasi hiyo pamoja na gari.